Mazoezi ya Bruxelles katika soko la Nyawera

Leo nimeaibika mpaka viatu vyangu vimeona haya. Nawaandikia nikiwa nimejifungia chumbani, matope bado yako magotini. Kaeni vizuri.

Mnajua kwamba Maman anasafiri. Dada yangu Espérance, aliyeolewa Ubelgiji, amejifungua, na viza ya Maman imetoka. Nyumbani ni furaha tupu. Maman anakunja vitenge, anavikunjua, anavikunja tena. Ila Espérance anafanya kazi mchana, kwa hiyo siku nyingine Maman atautembelea mji wa Bruxelles peke yake. Nani wa kupanga matembezi hayo? Mimi! (Mimi ambaye nje ya nchi nimefika Kamembe tu, ng'ambo ya daraja la Ruzizi, nikarudi kabla ya jioni.) Lakini video nimetazama, ramani nimezisoma. Asubuhi, Grand-Place, ule uwanja wa kale wenye majumba yaliyopakwa dhahabu. Kisha sanamu ya mtoto. Mwisho Atomium, lile jengo la mipira mikubwa inayong'aa, iliyoshikana angani.

"Mutoto gani?" Maman akauliza.

"Mutoto wa shaba, Maman. Anakojoa. Batu banatoka dunia nzima kuja kumuona."

"Nipande ndege juu ya mutoto mwenye kukojoa? Hapa si biko bengi, na ni bure!" Akafikiri kidogo. "Na mama yake iko wapi?"

Nikaikunja ramani.

Lakini sanamu haikuwa shida. Shida ilikuwa salamu. Maman hapiti mtu. Akienda kununua chumvi, mboga humsubiri jikoni mpaka zinyauke. Anamsalimia muuza makaa, anamuuliza habari za goti lake. Anamsalimia motari, yule wa pikipiki ya abiria, anamuuliza kama mke wake ameshajifungua, na kama bado, kwa nini. Ndiyo maana Espérance alinionya kwenye simu: "Petit, mudogo wangu, umufundishe. Huku batu habasalimiane mu barabara. Maman akianza kusalimia tramu nzima, hatashuka tena."

Basi leo nikaamua: tufanye mazoezi.

(Hapa lazima niwakumbushe jambo moja. Jumamosi hii tunapeleka mahari kwa kina Nabintu, msichana ambaye jina lake tu hunifanya nisahau nilichokuwa nasema. Mama yake nimekutana naye mara moja. Siku hiyo nilikuwa mkwe mwenye adabu kabisa: kichwa chini, macho chini, tangu kuingia hadi kutoka. Kwa hiyo sura yake siijui. Viatu vyake ndivyo ninavyovijua. Vya kahawia, vyenye kifungo cha rangi ya dhahabu.)

Maman alivaa koti zito la baridi. Mimi nilijifunga skafu, nikavaa miwani ya jua. Jua lenyewe lilikuwa linachoma hasa. Tukashuka hadi Nyawera, na pale nikampangia mji: soko lote ni Grand-Place. Lile bomba lililopasuka na kurusha maji ni mtoto wa shaba. Nyanya zilizopangwa juu ya meza ni Atomium.

"Sheria ni tatu, Maman. Mikono mu mifuko, macho mbele, kinywa kufunga."

"Na mutu akinisalimia?"

"Haumusikie."

"Aah! Niko kiziwi?"

"Uko Bruxelles."

Tukaingia. Muuza sombe, majani ya muhogo, akapaza sauti: "Maman Espérance, jambo!" Maman akaimeza salamu kama mtu anayemeza kwinini. Shingo ilitaka kugeuka, nikamshika begani. Mama wa ndizi naye: "Maman Espérance, uko mugonjwa?" Tukapita. Nyuma yetu nikasikia wanajibizana:

"Si ugonjwa, ni viza. Imemupanda mu kichwa!"

"Na hata ndege hayayiona bado!"

Mimi nilifurahi. Maman alikuwa anatembea vizuri, haraka, jasho likimtiririka, Mbelgiji kamili.

Tulipofika kwa mtoto wa shaba, mama mmoja akatokea pembeni. Nilimwona kwa ukingo wa miwani: kitambaa cha kijani kichwani, kikapu kizito. Akakitua. Akatabasamu kwa meno yote. Akaninyooshea mikono miwili.

Nikasema moyoni, huyu ndiye mtihani wa mwisho.

Maman akanivuta mkono. "Angalia, ule ni…"

"Maman! Bruxelles!"

"Nakuambia ule ni…"

"Macho mbele!"

Na ili kumwonyesha Maman jinsi wanavyofanya wenye mji wao, nikainua mkono mmoja na kusema kwa Kifaransa cha puani: "Non merci, madame." Yaani, asante mama, hatuhitaji.

Mikono ya yule mama ilibaki hewani. Muuza nyanya aliacha kupanga nyanya. Hata bomba, naapa, lilipunguza maji.

"Umemaliza?" Maman akaniuliza taratibu.

Nikainamisha macho. Viatu vya kahawia. Kifungo cha rangi ya dhahabu.

Nikapiga magoti papo hapo, kwenye matope ya mtoto wa shaba, skafu shingoni. "Maman, unisamehe! Sikukujua! Ile siku niliangalia viatu tu!"

Mama yake Nabintu akachukua kikapu chake. Akainua mkono mmoja, vilevile nilivyofanya mimi, na puani vilevile:

"Non merci, monsieur."

Soko lilicheka, ndugu zangu. Lilicheka mpaka motari wakazima pikipiki ili wasikie vizuri.

Mama mkwe akaondoka, simu sikioni. Kabla sijasimama, yangu ikalia. Nabintu. "Umefanya nini kwa maman? Anasema Jumamosi mubaki kwenu. Anasema mutoto wake hataolewa na mutu mwenye kusikia baridi mu jua!" Akakata simu kabla sijajieleza.

Nikamtazama Maman. Akavua koti, akanitupia.

"Sasa uniache nitumike kazi yangu."

Akamkuta mama yake Nabintu kwenye meza ya Atomium. Mnaijua salamu ya Maman? Huanza mbali, kama mvua inayotoka ng'ambo ya ziwa. Aliuliza habari za nyumba, za mgongo, za kuku, za shamba la shangazi huko Bunyakiri. Hakutaja harusi. Hakunitaja mimi. Wakasogezewa kreti mbili, wakakaa. Mimi nilibaki nimesimama na koti, nikichekwa na kila aliyepita, mpaka nikasikia mama mkwe ameangua kicheko, kile kicheko cha Nabintu, cha kupiga paja.

"Mukwe, kuja hapa," akaniita. "Jumamosi mukuje. Lakini munaongeza mbuzi moja ya salamu. Na utasalimia kuanzia mulangoni mpaka jikoni, mutu kwa mutu, mikono miwili. Na mimi uniangalie sura!"

Nikamwangalia. Ana macho ya Nabintu. Nilipoteza mengi siku ile kwa kutazama viatu!

Espérance nimemwambia. Amecheka mpaka mtoto wake ameamka. Matembezi ya Bruxelles yamebaki yaleyale, ila sheria zangu tatu Maman amezifuta. Anasema wa kwanza kusalimiwa atakuwa yule mtoto wa shaba, kwa sababu hakuna anayejua mama yake alipo.

Atakayecheka, acheke kimoyomoyo. Ila kesho mkinikuta Nyawera, tafadhali nisalimieni kwanza ninyi: mbuzi wa pili sina.