Injini Mbili za Mogesi

Habari iliyokitikisa kijiwe cha chai cha Agustina, hapa Nyansurura, haikuhusu bunge wala mpira. Treni ya Mzee Simioni ilikuwa imehama analojia na kuingia dijitali.

Treni hiyo ndogo ya kuchezea, ambayo kila injini yake hutosha kiganjani, alipewa na mgeni alipokuwa mpishi katika kambi moja ya watalii ya Robanda. Reli zake huzunguka juu ya mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, katika chumba ambacho mkewe, Mokami, anakitaka kwa mahindi. Agizo lake lilikuwa wazi: behewa likianguka tena kwenye unga, treni itoke, magunia yaingie.

"Dijitali?" Kisyeri, mchuuzi wa ng'ombe tunayemwita Mnada, aliweka kikombe chini. "Mwaka ule walipozima analojia, televisheni yangu ikawa kiota. Kuku akatamia humo, mura! Sasa wameifuata na treni?"

"Kila injini nimeifungia king'amuzi," Simioni alisema, kifua mbele.

"Kifurushi kikiisha inakwama njiani, pale Matongo?" aliuliza Nelson wa bodaboda, maarufu kama Breki.

Nilieleza, kwa imani niliyokuja nayo likizo kutoka chuoni, kwamba zamani swichi moja ilipeleka umeme katika reli nzima, na kila injini iliyokuwa juu yake ikaondoka, itake isitake. Sasa umeme upo muda wote, na injini husubiri kuitwa kwa namba yake kutoka kwenye simu. Huo, nilisema, ndio uhuru.

"Hata ng'ombe wangu wana uhuru huo," alisema Mnada. "Namwita mmoja, wanaingia wote shambani kwa jirani."

Mokami alichungulia mlangoni kwake, hatua chache kutoka kijiweni, ungo mkononi.

"Shikamoo, mama," Breki aliwahi.

"Marahaba." Akamgeukia mumewe. "Baba, leo ndiyo leo. Mahindi yako uani, na mawingu unayaona."

Tukaingia sote chumbani kwenye treni. Simioni aliishika simu kama mtu anayetaka kupiga picha ya pasipoti.

"Naiita nyekundu. Ya kijani itakaa pembeni, itulie."

Nyekundu ikaondoka kwa madaha. Tukapiga makofi.

"Mzee, ya kijani inatoka!" Breki alipiga kelele.

"Haiwezi. Sijaiita."

"Haijui kama hujaiita! Inakuja!"

Zikagongana uso kwa uso. Behewa likaruka, likatua ndani ya beseni la unga, likasimama wima kama nguzo.

"Mzee, ulizipa namba gani?" niliuliza.

"Saba."

"Zote mbili?"

"Zote nimezirithisha jina la marehemu baba, Mogesi. Nimpe mjukuu mmoja jina la babu, nimnyime mwenzake? Jina moja, namba moja."

"Hapo mzee hana kosa," Mnada aliunga mkono. "Bomani kwangu kuna wajukuu wanne wenye jina la babu yao."

"Ukimtuma mmoja kuchunga?" nilimuuliza.

"Haendi hata mmoja. Hizi za Simioni zina adabu, zimekuja zote."

Mokami hakucheka. Alilichomoa behewa, akalipangusa kwa kanga, kisha akaziinua injini zote mbili.

"Kwetu majina yakifanana, tunawaita kwa mama zao. Huyu mwekundu ni Mogesi wa Mokami. Sawa?"

"Sawa kabisa," alisema Simioni, akipata pumzi.

"Na huyu wa kijani, ni Mogesi wa nani?"

Simioni aliitazama simu. Simu haikumsaidia.

"Naye... ni wako."

"Niliwahi kuwapa watoto wangu wawili jina moja?"

"Hapana."

"Basi huyu ana mama yake. Mlete tumfahamu."

Breki akakumbuka abiria. Mnada akakumbuka ng'ombe, akaacha hata chai yake.

Jioni nilipopita, magunia yalikuwa yameuzingira ule mlango wa reli pande tatu, na kati yake injini nyekundu, namba saba, ilizunguka peke yake, polepole, bila kugusa unga wa mtu. Ya kijani ilikuwa juu ya kabati. Simioni ameshaipa namba nane. Anayesubiriwa ni mama yake.