Jenereta la Mama Stefania

Umeme ulipokatika Sumbawanga siku ya tatu mfululizo, katikati ya Julai, mji mzima ulinuna ndani ya masweta. Wilibrodi peke yake alikuwa anapiga mluzi. Giza na baridi ya Ufipa, kwake yeye, vilikuwa mtaji.

Alikuwa na masanduku manne ya bati, yamepakwa rangi ya fedha na kuandikwa jina zito: JOTOMWANGA. Ndani ya kila moja mlikuwa na betri chakavu ya pikipiki na matofali mawili aliyoyapasha kwenye jiko la mkaa. Taa inawaka, bati linatoa joto, mteja analipa. Matofali yakija kupoa, Wilibrodi yuko mtaa mwingine. Sanduku la kwanza lilichukuliwa Majengo na mwenye duka la viatu, aliyelikumbatia kama mtoto.

Matatu yaliyobaki aliyapeleka Malangali kwa Mama Stefania, mkunga mstaafu aliyeishi peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, usisimame kwenye upepo."

Wilibrodi akaweka sanduku mezani, akawasha taa. "Hili, mama, linavuta joto la ardhini kule chini lilikolala, linalipandisha hapa."

"Mbona liko juu ya meza?"

"Linapitia kwenye miguu ya meza, mama."

Mama Stefania akaligusa kwa viganja, akafumba macho. "Jamani, sayansi! Nachukua yote matatu. Sasa lile jenereta langu nitalipeleka wapi?"

Wilibrodi akaweka chini kikombe cha chai alichokaribishwa. "Jenereta gani, mama?"

"La marehemu mume wangu, liko bandani. Moshi wake unanikohoza. Kunywa chai, nikakuwashie usikie."

Mfanyabiashara makini angenyanyuka kwenda kutazama. Lakini chai ilikuwa ya moto, na huko nje upepo ulikuwa unang'oa masikio. Akabaki. Akamsikia mama akipaza sauti uani, "Eustaki, washa!" Mara ngurumo ikatetemesha vikombe, na taa ya sebuleni ikawaka pwaa.

Wilibrodi akameza mate. Kule Laela kulikuwa na mnunuzi wa mahindi aliyekuwa akitafuta jenereta kwa udi na uvumba.

"Tubadilishane, mama. Masanduku yangu kwa jenereta lako."

"Jenereta zima kwa mabati matatu? Ongeza kitu, mwanangu."

Akaongeza pesa yote ya Majengo. Mama akalitazama koti lake la sufi. Wilibrodi akavua na koti.

Jenereta likaletwa limeshonewa kwenye gunia. Lilikuwa jepesi ajabu.

"Ya kisasa ndiyo yalivyo," alisema Mama Stefania. "Usilitikise sana."

Wilibrodi akapanda basi la Laela na mzigo wake mapajani, anatabasamu peke yake. Walipofika stendi ya Laela, kondakta akainamia gunia.

"Kaka, jenereta lako linalia."

"Baridi tu hiyo."

"Linasema ko-ko-ko."

Abiria wakageuka. Wilibrodi akachana gunia. Lilikuwa ganda la jenereta, halina injini wala waya. Ndani yake, juu ya majani makavu, alikaa kuku mwekundu mwenye hasira. Akamdonoa kidole. Basi zima likaangua kicheko.

Akashuka na mzigo wake, akampigia Mama Stefania simu. "Mama! Halina injini hili!"

"Injini aliichukua fundi mwaka juzi. Mpaka leo tunamsubiri."

"Na ile ngurumo?"

"Mashine ya kusaga ya dizeli ya jirani yangu Eustaki. Taa ni ya sola, swichi iko nyuma ya mlango."

"Umenitapeli, mama!"

"Mwanangu, nimepasha vichanga joto kwa chupa za maji ya moto miaka thelathini. Matofali nayajua hata yakivaa bati. Lakini hilo jenereta usilitupe. Limeatamia siku kumi na tatu. Livumilie nane nyingine, utakuwa na majenereta kumi na moja."

Simu ikakatika. Basi likaondoka, likamwacha stendi na shati lake jembamba, upepo ukimpitia mbavuni. Wilibrodi akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akachuchumaa na kuingiza mikono yote miwili chini ya kuku. Alidonolewa mara mbili. Ya tatu, kuku akamhurumia.