Wakubwa Wawili kwenye Mkanda Mmoja

Jumatatu, 16 Tir 1997, kwa kalenda yetu ya Ethiopia

Ushindi! Weyzero Tsedale, yule bibi wa heshima, kanipa mimi, siyo Getaneh mwenye duka ng'ambo ya barabara, kazi ya kuchoma nakala za CD ya video ya harusi ya mwanawe. Zinatakiwa Jumapili, kwenye karamu ya kwa wakwe. Na ndani yake nimo mimi! Mimi ndiye mzee niliyetumwa kumposa binti, nikasema maneno mpaka baba yake akasahau masharti yake. Mtaa mzima wa Shiro Meda lazima unione.

Getaneh ana draivu mbili za kuchomea. Mimi nilikuwa na moja. Leo nimetoka sokoni Merkato na ya pili. Aselefech, mke wangu, kauliza kama nitamwita fundi. Fundi! Mimi natengeneza redio tangu enzi ya mfalme. Nyingine mpaka leo zinatoa sauti.

Jumanne, 17 Tir

Nimefungua kompyuta. Ndani kuna mkanda mpana wenye vichwa viwili, draivu zote zinachomekwa hapo. Nyuma ya kila draivu kuna kifuniko kidogo kama punje ya ngano. Ukikiweka huku, draivu ni ya kwanza. Ukikiweka kule, ni ya pili. Muuzaji alinieleza: kompyuta ikiwaka huita, wa kwanza yupo? Wa pili yupo? Wakiitika, inaipelekea programu ya kuchomea majina yao.

Sawa. Lakini nani awe wa pili? Ile ya zamani imenitumikia miaka, na kwetu maji ya kunawa huanzia kwa mkubwa. Ile mpya nayo ni mgeni. Mgeni utamweka nyuma?

Nikapata jawabu ambalo mhandisi asingelipata. Nimeziweka zote mbili za kwanza. Hakuna wa kuonewa.

Nimewasha. Programu inasema haioni draivu yoyote. Programu ni kipofu.

Jumatano, 18 Tir

Mfungo. Mchuzi wa shiro na hasira.

Bado haioni. Nimekwenda kwa Getaneh kupeleleza, nikajifanya nimefuata kahawa tu. Akaniuliza kwa heshima ya mzee, Gashe Mekuria, mashine yako imekugomea? Nikamwambia yangu inachoma kama tanuri. Akasema haya, sasa mbona unachungulia tumbo la yangu kama daktari wa ng'ombe? Wateja wakacheka. Wajinga.

Kisha akanieleza bila kuombwa. Kwenye mkanda mmoja, mmoja awe wa kwanza, mwenzake wa pili. Wakiitika wote kuwa wa kwanza, kompyuta haielewi hata mmoja. Nikamjibu sikuja kufundishwa na mtu niliyemwona akitambaa. Nikanywa kikombe cha pili na cha tatu, asije akadhani nimeumia.

Alhamisi, 19 Tir

Nimefikiri kuliko yeye. Kama wakubwa wawili hawaelewani, basi wote wawe wadogo. Unyenyekevu! Nimeziweka zote za pili.

Kimya.

Aselefech kasema, mzee, ungewaita watoto wako wote wawili Mekuria, ukiita angeitika nani? Nikamwambia wangeitika wote, kama mama yao amewalea vizuri. Leo nimejipakulia injera mwenyewe.

Weyzero Tsedale kapita kuuliza CD zimefika wapi. Nimemwambia zinapoa.

Ijumaa, 20 Tir

Nimeamua, kwa hiari yangu, wala sikushindwa: ya zamani ya kwanza, mpya ya pili. Zimeonekana! Programu imeleta majina mawili na namba zake, ikauliza nichome kwenye ipi. Majina yenyewe ya Kizungu. Herufi za Kizungu mimi naziona kama mende waliopondwa. Nikachagua la juu. Mkubwa ndiye hupewa kazi ya heshima.

Ndani ya mkubwa nilikuwa nimeweka CD ya harusi yenyewe, ile ya aina inayofutika. Programu ikauliza kitu, kumbe ni: nifute? Nikabonyeza ndiyo. Mimi si mtu wa kusitasita.

Harusi imefutika. Posa imefutika, na mimi nikiwa ndani yake.

Weyzero Tsedale aliposikia hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema siku ile ya posa ndiyo siku ya mwisho mumewe kusimama kwa miguu yake, kabla ugonjwa haujamlaza. Alitaka mwanawe aondoke na picha ile Jumatatu, akirudi kazini ng'ambo. Akasema, Gashe, uliniambia zinapoa. Kweli zimepoa. Akatoka.

Sikula. Aselefech kaniletea chai.

Jumamosi, 21 Tir. Sikukuu ya Maryam

Getaneh kaja mwenyewe mlangoni. Kumbe mpiga picha wa harusi alimwachia nakala! Tangu alfajiri anamchomea Weyzero Tsedale, na zimebaki kama nusu. Sasa anataka kuwahi kanisani. Akaniomba nimkalie dukani: mashine inachoma yenyewe, mimi nitoe iliyoiva na kuweka tupu. Akasema, Gashe, usiguse kitu kingine, nakusihi kwa jina la Maryam, mwenye sikukuu ya leo. Nikamwambia mimi si mtoto.

Nilikaa vizuri. Nilitoa, niliweka. Nilijiona nikiposa, nilikuwa mzuri sana. Nilimwona pia mume wa Tsedale, amesimama, anacheka.

Lakini kompyuta ya Getaneh iko wazi ubavuni, kwa sababu ya joto. Ukikaa pale utaona tu. Nikaona. Draivu yake kongwe, yenye rangi ya meno ya mzee, imewekwa ya pili! Nyuma ya ile mpya, kijana! Nimevumilia CD tatu. Ya nne nimeshindwa. Nimezima, nikampa mzee nafasi yake ya kwanza. Yule kijana sikumshusha, mimi si mkatili. Nimewasha.

Programu yake haioni draivu yoyote.

Hapo nikaelewa kila kitu. Nyumba mbili, kompyuta mbili, ugonjwa mmoja. Kosa ni la umeme wa mtaa huu! Getaneh aliporudi, Weyzero Tsedale yuko nyuma yake, nikawaeleza kwa utulivu. Getaneh alishika kichwa. Kisha akazima, akainama, akahamisha kifuniko kimoja, akawasha. Zikaonekana zote mbili. CD zitakuwa tayari kabla ya jioni.

Ana bahati mtu huyu. Umeme ulitengemaa dakika ileile.