Ubao Unaomwacha Mtu Hewani

Jumanne, tarehe 4 mwezi wa sita

Mchezo wangu wa kompyuta umekamilika. Kasoro moja tu: hauchezeki.

Mtu wangu ni mzee mwenye gunia la viazi mgongoni. Anatembea vizuri kutoka kushoto kwenda kulia. Anaruka vizuri. Halafu anafika kwenye moto wa volkano, pale ambapo mbao zinaelea zikienda na kurudi. Anatua juu ya ubao. Ubao unaondoka. Yeye anabaki pale pale hewani, kama abiria aliyeachwa na gari. Kisha anaanguka.

Kwa nini? Nimetazama asubuhi nzima. Miguu yake inaugusa ubao kabisa. Mbona haumchukui?

Jambo hili si dogo. Jumamosi kituo cha vijana kule Himbi kitachagua mchezo mmoja, na aliyeutengeneza atafundisha vijana kompyuta likizo nzima. Kazi hiyo nimeshamwambia Papa Honoré, baba yake Patricia, kwamba ninayo. Aliniuliza ninafanya kazi gani, nami nataka kumwoa binti yake. Ningejibu nini?

Leo Patricia ameleta habari. Baba yake atakuja Jumamosi kuniona nikiwa kazini.

Jumatano, tarehe 5

Christa, jirani yetu hapa Katoyi, naye anashindana. Mchezo wake ni wa mama muuza nyanya. Nilikwenda kwake nikasema naomba chumvi. Mbao zake zinatembea, na yule mama anasimama juu ya ubao ametulia, anabebwa hadi ng'ambo na beseni lake kichwani. Nilisimama nyuma ya Christa nikitazama mpaka akaniuliza kama chumvi ni ya kupikia leo au ya Noeli.

Ningemuuliza, angeniambia. Ndiyo maana sikumuuliza. Siwezi kufundishwa na mtu ninayetaka kumshinda.

Nimerudi na chumvi na wazo. Chumvi imemshangaza mama, maana tunayo. Wazo ni hili: nichunguze ubao wa kweli unaotembea. Na Goma nzima, ubao unaotembea ni chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo.

Alhamisi, tarehe 6

Mahoro hushusha kabichi kutoka Kibati kwa chukudu yake, ile ya magurudumu ya mbao. Nilimwomba nisimame juu ya mzigo wakati wa mteremko. Akataka kujua sababu. Nikasema ni sayansi.

"Sayansi ikikuvunja muguu, mimi sikukuona," alisema.

Tulipokuwa tunakimbia, niliruka juu. Si mbele, si nyuma, juu tu. Nilitegemea kutua barabarani, chukudu imeshapita. Nikatua juu ya kabichi zile zile. Nikaruka tena. Zile zile tena.

Nilishangaa kweli. Hewani hakuna kinachonishika, lakini bado ninakwenda pamoja na chukudu. Nani ananisukuma? Nimekua nikiziona chukudu kila siku na sijawahi kujiuliza. Kwa muda nilimsahau hata Papa Honoré.

Halafu mbuzi alikatiza barabara. Mahoro akakanyaga breki. Chukudu ikasimama. Mimi sikusimama.

Mahoro aliokota kabichi zake kwanza, mimi baadaye. Goti limevimba. Lakini sasa ninajua: mwendo wa ubao unaingia ndani ya mtu, na ubao ukisimama, mwendo hautoki.

Ijumaa, tarehe 7

Nimeuingiza ugunduzi wangu kwenye mchezo. Sasa mzee anabebwa. Shida ni kwamba ubao ukifika mwisho na kugeuka, yeye hageuki. Anaendelea mbele hadi motoni pamoja na viazi. Ni sahihi kabisa, ndivyo ilivyo kwenye njia ya Kibati. Mama alijaribu kucheza akasema mzee huyu ana haraka ya kufa.

Mchana Christa alikuja kuniangalia goti. Akaona mchezo. Hakucheka, na hilo liliniuma zaidi.

"Kasereka," alisema, "mutu wa ndani ya mashini hana uzito. Hajui kitu mupaka umwambie. Ubao ukienda hatua moja kuume, na yeye umupeleke hatua moja kuume. Ni hiyo tu."

Rahisi mno. Nani anatoa siri yake bure kesho ikiwa ndiyo siku yenyewe? Nimewaza sana hadi nikauona mtego. Nimefanya kinyume: ubao ukienda kulia, mzee anakwenda kushoto. Nilipotaka kujaribu, umeme ukakatika.

Jumamosi, tarehe 8

Papa Honoré alikuja na koti lake la misa, akakaa mbele kabisa, akaomba awe wa kwanza kucheza mchezo wangu.

Mzee akatua juu ya ubao. Ubao ukaenda kulia. Mzee akakimbia kushoto kana kwamba ameona mbwa, akaingia motoni. Papa Honoré akarudia. Akarudia tena, ulimi umetoka nje. Watu walicheka hadi wengine wakatoka kupunga hewa. Nikaeleza kwamba mchezo unahusu ugumu wa maisha. Hakuna mwamuzi aliyeandika hilo.

Kisha akacheza mchezo wa Christa. Alimvusha mama wa nyanya, akafurahi, akaomba amvushe tena. Ilibidi aombwe aachie kiti.

Christa ndiye aliyechaguliwa.

Papa Honoré aligeuka polepole. "Na ile kazi yako?"

Niliangalia chini. Patricia, aliyekaa nyuma yake, naye aliangalia chini, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Aliyejibu ni Christa. Alisema atahitaji mtu wa kupanga viti, kuvuta nyaya na kufagia. Kama ninataka, kazi ni yangu. Nikakubali kabla hajamaliza.

Papa Honoré akasema yeye alianza kwa kuosha malori, na haoni haya. Kinachomuuma ni uongo. Akanialika kwake kesho.

"Lakini ukuje na kazi yako ya kweli," alisema.

Nilimshika mkono kwa mikono miwili. Wakati wa kuondoka Christa aliniuliza kwa nini niligeuza maelezo yake. Nikamwambia goti linauma.

Jumapili, tarehe 9

Bugali, sombe ya majani ya muhogo na sambaza za kukaangwa, wale samaki wadogo wa ziwani. Papa Honoré aliniita mutoto wangu. Patricia aliniongezea samaki bila kuombwa. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka shangazi yake, mama Nyiransabimana, aliyefika leo kutoka Sake, aliponiuliza ninafanya kazi gani.

Nilifungua mdomo niseme ninavuta nyaya. Nikasikia sauti yangu ikisema mimi ni mkurugenzi wa umeme.

Papa Honoré alirudisha samaki kwenye sahani. Patricia alifumba macho.

Mama Nyiransabimana alifurahi mno. Kanisa lao lina jenereta iliyokufa tangu Pasaka, na mafundi wa Sake wameshindwa. Ananingojea kesho asubuhi. Papa Honoré alisema kwa upole kwamba atanisindikiza. Anataka kuona.

Sijawahi kufungua jenereta. Lakini ndani yake kuna nini hasa? Mafuta yanaingia, kitu kinazunguka, mwanga unatoka. Kwa njia gani? Tangu nitoke mezani ninawaza hilo tu, na nikisema kweli, nina raha kabisa.

Nyumba ya pili kutoka kwetu anakaa Henri, anayetengeneza jenereta tangu ujana wake. Jioni hii nilimkuta mlangoni, amekaa, hana shughuli. Nikamsalimia vizuri. Nikapita.