Uzinduzi wa Bembea ya Imakulata

Hotuba ya Ndugu Thadei, Katibu wa Kamati Ndogo ya Michezo ya Watoto Wadogo, aliyoitoa uani kwa mdogo wake Fabiani, Magamba, Mpanda, tarehe 8 Desemba, 1976

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, ambaye hakuweza kufika lakini kiti chake kimefika, Ndugu Balozi wa Nyumba Kumi pamoja na nyumba zako zote, Ndugu Katekista, Ndugu wazee, ndugu zetu mliotembea kwa miguu kutoka Katumba, Ndugu akina mama mlioko jikoni ambao mnanisikia kupitia moshi, mdogo wangu Fabiani, mwenye uwanja huu, shemeji yangu Theopista, mama wa mtoto, shemeji Kasimiri, mjomba wa mtoto, mrina asali uliyetoka Ugalla na kamba yako begani utadhani na huku kuna mizinga ya kupandisha mitini, ndugu watoto mliokaa kwenye mkeka, na ndugu watoto mliokosa mkeka, na mwisho kwa mpangilio, siyo kwa umuhimu, Ndugu Imakulata binti Fabiani, ambaye leo anatimiza miaka mitano mfululizo bila kuruka hata mmoja: mwenye cheo kwa cheo chake, na asiye na cheo kwa jina lake, nawasalimu nyote. (Makofi. Mtoto mmoja anauliza kama sasa wanakula.)

Bado, ndugu mtoto. Kuku hakimbii tena, yumo sufuriani, na hotuba ndiyo inayomfanya aive kwa utaratibu. Nimesimama hapa nikiwa na kofia mbili, moja ya Ukatibu na nyingine ya Ubaba Mkubwa, na kwa kuwa wenyewe mnaniona sina hata moja kichwani, nawaomba mzione kwa fikra. (Kicheko.)

Ndugu wananchi, nyie ni mashahidi kwamba leo hakuna aliyeingia uwanja huu na zawadi. Hilo halikutokea hivi hivi. Ni matokeo ya plani, ya programu na ya vikao virefu ambavyo mimi binafsi nilikaa navyo, nikachambua, nikagundua kwamba mtoto akishapewa mdoli leo, kesho atataka mdoli wa pili, keshokutwa ataanza kuwaajiri wadoli hao na kunyonya jasho lao, na hapo ubepari utakuwa umeingia Magamba kupitia mlango wa uani. (Makofi. Theopista anainuka na mwiko mkononi: "Shemeji, mimi ndiye niliyesema watu wasilete zawadi. Mwaka jana watoto wa jirani walijificha ndani kwa aibu, kwa sababu mama yao hakuwa na cha kuleta. Iliniuma sana. Nikasema mwaka huu kila mtu aje na mikono yake tu, acheze na mtoto." Makofi marefu kuliko yote yaliyotangulia.)

Namshukuru mjumbe kwa kufafanua msimamo wangu. Naam, iliniuma hata mimi, iliniuma kiofisi. Na ndiyo maana, badala ya zawadi inayoshikwa na mtoto mmoja, mwaka jana, tarehe kama ya leo, nikisimama hapa hapa mbele ya wali wa Mpimbwe uliokuwa umepoa kidogo, nilitangaza Mradi Kabambe wa Bembea ya Watoto, wenye feizi ya kwanza, feizi ya pili na feizi ya kumalizia, bembea ya minyororo ambayo mtoto yeyote, mwenye viatu au asiye na viatu, atapanda na kuona mapaa ya Mpanda mjini bila kulipa nauli ya treni. Mnakumbuka? (Sauti nyingi: "Tunakumbuka." Imakulata, taratibu: "Hata mimi nakumbuka, Baba mkubwa.")

Umekumbuka vizuri, mwanangu. Na utekelezaji haukuchelewa hata kidogo, kwani siku ile ile, kabla mikono yangu haijakauka maji ya kunawia, nilipigilia kibao kwenye mninga ulioko nyuma ya nyumba hii, kibao cha mbao ngumu, nilichokiandika kwa rangi nyeupe na kwa mkono wangu mwenyewe: HAPA ITAJENGWA BEMBEA YA WATOTO. Wataalamu waliopita wamekiri kwamba mwandiko ule ni wa kimataifa. Na wananchi wameupokea mradi kwa moyo mkunjufu. (Theopista: "Shemeji, mtoto wako amekuwa akikimwagilia maji kile kibao. Kila asubuhi, kabla ya uji. Anafikiri ndivyo bembea inavyoota." Fabiani anatazama chini. Kasimiri anaacha kutafuna sega la asali alilokuja nalo.)

Hm. Kumwagilia. Hilo, ndugu wananchi, ndilo tunaloliita ushirikishwaji. Ni mtoto mdogo, lakini ameelewa kwamba maendeleo yanahitaji maji. (Imakulata: "Baba mkubwa, itaota leo? Leo ni siku yangu.") Swali zuri, swali zuri sana, na ofisi imelipokea. Nitalijibu kwa takwimu.

Tangu mradi uanze mpaka asubuhi ya leo, usalama kwenye bembea yetu umefikia asilimia mia. Hakuna mtoto hata mmoja aliyeanguka. Hakuna mnyororo uliokatika. Hakuna mama aliyekuja kwangu usiku akilia kwamba mwanawe ameteguka mkono, jambo ambalo, nimeambiwa, ni la kawaida kabisa huko kwenye bembea za wenzetu zilizojengwa harakaharaka bila uchunguzi wa kitekniko. Kuhusu minyororo yenyewe, iko njiani. Njia ni ndefu. Mvua nayo imeanza, na mnyororo ni chuma, ukinyeshewa unahitaji kupumzika. (Kasimiri anasimama, anaweka kamba yake sawa begani, anazunguka nyuma ya nyumba. Inasikika sauti ya misumari inayong'olewa kwenye mti.)

Shemeji Kasimiri ametoka, nadhani kwa haja za kibinadamu, tumsamehe. Niendelee. Katika feizi ya pili tunategemea kuwa na bembea ya ziada kwa ajili ya Katumba, na bembea ndogo ya wazee, yenye egemeo, kwa kuwa hata mimi, ndugu zangu, nilipokuwa mdogo sikuwahi kusukumwa kwenye bembea, nilichunga mbuzi tu, na mbuzi hasukumi mtu isipokuwa kwa nia mbaya. (Kicheko, lakini kinatoka nyuma ya nyumba. Watoto wa kwenye mkeka wameondoka. Waliokosa mkeka walishatangulia.)

Naona wajumbe wanatoka kwa zamu kwenda kukagua eneo la mradi. Huo ndio uongozi shirikishi. Ndugu Balozi, na wewe? Haya, nenda, uniletee ripoti. Akina mama, moto mnamwachia nani? (Fabiani: "Kaka, njoo uone. Kasimiri amerusha kamba yake ya mizinga juu ya tawi, akakitoboa kibao chako pande mbili, na watu wanapanda.") Nakuja, mdogo wangu, nimebakiza kurasa chache. Ndugu Mwenyekiti, yaani ndugu kiti cha Mwenyekiti, kama nilivyokuwa nikisema...

(Imakulata anarudi peke yake, anamshika mzungumzaji mkono: "Baba mkubwa, imeota. Nimekaa juu ya maandishi yako. Mjomba anasema hanisukumi yeye, wa kwanza kunisukuma ni wewe, maana kibao ni chako. Hotuba imeisha?")

Inaisha sasa hivi, mwanangu, wacha tuifunge tukitembea, kwa sababu bila shukrani hotuba haiwi rasmi. Namshukuru mama yako kwa kuwakataza watu zawadi, maana kama kila mtu angeshika kifurushi, nani angeshika kamba? Namshukuru mjomba wako kwa kuja na kamba inayobeba mzinga uliojaa asali, ambayo kwa hiyo itakubeba wewe, na ikibidi itanibeba na mimi. Lakini zaidi ya wote nakushukuru wewe, Ndugu Imakulata, kwa kukimwagilia kile kibao mwaka mzima, maana katika mradi ule wote ndicho kitu pekee kilichokuwepo. Minyororo haikuwahi kuagizwa. Fundi hakuwahi kutafutwa. Feizi ya kwanza ilikuwa wewe na kopo lako la maji, na mimi nilikuwa sijui.

Mtoto, juu. ("Juu.") Bembea, juu. ("Juu zaidi.") Hotuba... (Wote, nyuma ya nyumba, kwa furaha: "Chini.")

Imepita. Sasa kaa vizuri, mwanangu, ushike kamba kwa mikono miwili. Fabiani, nishikie hizi karatasi.