Bei za Hisa Ukutani kwa Bwana Ushirika

Jumamosi, 4 Juni 2005. Lituhi.
Jioni nyingine peke yangu. Jirani yangu Mansuetus, bwana afya, kawasha jenereta na video. Kijiji kizima kiko uani kwake. Hata kuku wangu wamehamia! Mimi Ambokile, afisa ushirika niliyeletwa huku kutoka Tukuyu, nasikiliza vicheko kupitia ukuta. Video! Upuuzi mtupu.
Lakini nina wazo. Mtu mmoja redioni kasema siku hizi hata mkulima anaweza kununua hisa, na bei za miaka yote zimo kwenye intaneti. Bure! Nitazichukua, nichore grafu, nijue hisa ipi inapanda. Watu watapanga foleni mlangoni kwangu kuomba ushauri. Mansuetus abaki na jenereta lake.

Jumatatu, 6 Juni. Mbinga.
Nimekuja juu ya lori la mihogo. Mgongo hauna hali. Huku baridi!
Intaneti kafe ni chumba kimoja, kompyuta mbili, moja mgonjwa. Dada wa pale, Loveth, kauliza kama nina barua pepe. Sina. Kanifungulia. Papo hapo barua ikaingia! Moyo ukaruka. Kumbe ni kampuni yenyewe ya barua pepe inanikaribisha. Nimeisoma mara mbili hata hivyo. Loveth kauliza nataka kumwandikia nani. Nikatafuta kichwani, sikupata mtu.
Kisha akatangaza kwamba anashusha bei. Mzee mkulima wa kahawa kutoka Kitura, aliyekuwa akisubiri simu, akainuka na fimbo: “Nani anashusha bei tena?” Tukamweleza ni kuziingiza tu kwenye kompyuta. Hakuridhika. Umeme ukakatika. Akasema Mungu amesikia.

Jumanne, 7 Juni.
Umeme umerudi. Bei zote zimeshuka! Loveth kanichapia. Nimekumbatia karatasi kama mtoto mchanga.

Alhamisi, 9 Juni. Lituhi.
Grafu tayari, karatasi za manila ukuta mzima. Nilitarajia mstari upande na kushuka kama Milima ya Livingstone. Umelala kama ziwa lisilo na upepo. Haidhuru. Nimebandika tangazo kanisani: Jumapili jioni, ushauri wa hisa, wote mnakaribishwa. Mansuetus kauliza kama kutakuwa na picha. Nikamjibu ipo, ya mstari. Kacheka mpaka kakohoa.

Jumapili, 12 Juni.
Nimeazima viti shuleni. Nimefagia. Nimevaa tai. Hakuna mtu! Kwa Mansuetus kuna filamu ya ngumi.
Kiza kilipoanza kuingia akaja Mwalimu Valeria, mgeni huku kama mimi, na bakuli lililofunikwa. Mbasa wa kuchoma na ugali wa muhogo. Kasema jioni za Jumapili ni ndefu sana akiwa peke yake, ameona tule pamoja. Nikamkalisha mbele, tukaanza na mwaka 1998. Akauliza kama mama yangu bado yuko Tukuyu. Nikamwambia maswali ni mwishoni. Tulipofika 2001 akasema polepole, “Bwana Ushirika, samaki anapoa.” Nikamwomba asinikatize, ndiyo kwanza tunaingia kwenye gawio.
Nilipogeuka, kiti kitupu. Bakuli kaliacha.
Baadaye nikasikia kicheko chake ng'ambo ya ukuta. Sikujua kwamba nakifahamu. Nimekitambua kati ya vyote. Nimekula samaki wa baridi nikiwa nimesimama.

Jumatatu, 13 Juni.
Usingizi haukuja, lakini nimegundua kosa! Bei zangu ni za mwisho wa mwezi tu. Ndiyo maana Valeria alichoka: habari zilikuwa chache mno! Zipo za kila siku. Nimempelekea bakuli lake na kumpa habari hizo njema. Kalipokea kwa mikono miwili, kisha kaenda darasani. Bila shaka ameguswa.
Kesho narudi Mbinga. Grafu mpya itazunguka kuta zote nne, nafasi ni ndogo. Viti vya shule nimerudisha. Kile kiti changu cha mgeni nimekitoa nje, kisizibe grafu.