Kisusio Kwenye Shati la Baba Mkwe

Jamani, leo nimeaibika mbele ya madhabahu. Kaeni niwape.

Asubuhi hapa kwa wakwe zangu, juu ya Kiboriloni, kwenye mteremko wa mlima, tunachinja mbuzi wa kipaimara cha Manka, wifi yangu mdogo. Baba mkwe, mzee wa kanisa, ameshavaa shati jipya jeupe alilolinunua kwa ajili ya siku hii. Kuchinja ni kazi ya vijana. Ila mzee akaona kisu kimeshikwa vibaya. "Lete hapa!" Puu! Damu kifua kizima. Mume wangu aliyeshika miguu naye kalowa.

Mama mkwe akanyoosha mkono. "Leteni mashati yote mawili nikayafulie mfongoni." Mfongo ni mfereji wetu unaoshuka toka msituni. Baridi yake ya kung'oa kucha.

Nikaingilia. (Nani alinituma?) "Mama, maji baridi yatatoa damu kweli? Niachie la baba, nilichemshe."

Mimi nimekulia Chekereni, kwenye mifereji ya mpunga, tope tupu. Kwetu nguo isiyochemshwa haijafuliwa. Tangu niolewe, miezi mitano sasa, kila Jumamosi nawasha moto wa kufulia, sufuria la shughuli. Mama hajawahi kusema kitu. Nilidhani ananisifu moyoni! Na leo nilitaka anisifu kwa mdomo, mbele ya mawifi wote.

Akaniachia la baba. Yeye akashuka mfongoni na la mume wangu.

Maji yakatokota, nikatumbukiza shati. Doa jekundu likawa kahawia. Nikaongeza kuni. Likakolea. Nikaongeza sabuni, nikaomba kimoyomoyo. Wapi!

Mama akarudi. Shati la mume wangu jeupe pe! Nililigeuza ndani nje, nikalitazama juani, nikalinusa. Hakuna hata alama! Kipande cha sabuni na maji baridi tu.

Akachungulia sufuria langu. "Mwanangu, kisusio huwa tunakipikaje?"

"Tunatia damu kwenye supu ya moto, mama."

"Halafu?"

"Inaganda..." (Hapo ndipo akili ilipofika. Imechelewa.)

"Basi umempikia baba yako kisusio."

Kisha akanionyesha pengo kihambani, shamba letu la nyumbani, katikati ya kahawa, pale ulipokuwa mti wa kivuli uliokatwa baada ya Pasaka. Kisiki bado kipo. "Umewahi kujiuliza ule mti umekwenda wapi? Chakula nimepikia matawi. Shina lote mmelivaa."

Wala hakukasirika. Nikaangalia kisiki, nikaangalia juu. Mlima ulikuwa umefunguka, theluji inang'aa, na chini yake msitu. Maji yanatoka humo yanashuka yenyewe hadi miguuni petu, mchana na usiku, na hayajawahi kudai ukuni hata mmoja. Mwili ukanisisimka, nusura nilie. Mti mzima nimeugeuza moshi kwa ajili ya mashuka!

Saa nne, ibada. Shati likapigwa pasi na doa lake. Juu yake baba akavaa sweta zito la sufu, vifungo hadi kidevuni. Jua kali, kanisa limejaa. Tukaitwa mbele familia nzima kuombewa, mzee anatiririka jasho. Mchungaji akamwonea huruma, kipaza sauti mkononi. "Mzee, vua sweta, utaanguka."

Sasa, mzee wa kanisa atadanganya pale mbele?

"Siwezi, Mchungaji. Mkwe wangu amenipikia kisusio kwenye shati."

Kipaza sauti kikabeba neno kwa neno.  Kwaya ikaanza kucheka, kanisa zima likafuata! Manka kacheka hadi kakaa chini na gauni lake jeupe. Nikajificha nyuma ya mama mkwe. Mgongo wake unatikisika, naye anacheka!

Jioni hii, mbele ya mawifi wote, mama kanikabidhi lile sweta. "Lifue wewe." Yaani bado ananiamini! Nimelifulia mfongoni, vidole vimekufa ganzi, hapa naandika kwa kidole gumba kimoja.

Tafadhali msicheke. Anayeshindwa kujizuia apange foleni nyuma ya baba mkwe, maana yeye bado hajamaliza.